Kifundo kilichokatika kwenye pozi la 109: uchambuzi wa shoti moja ya filamu ya vikaragosi

Shoti yenyewe, yaani kipande kimoja cha filamu kisichokatwa, ina sekunde 12. Mama muuza ndakala, yaani dagaa, anainama, anainua beseni kutoka chini, analitua kichwani juu ya kata, analiweka sawa kwa mikono miwili, kisha anatembea hatua nane kuelekea kushoto mwa picha. Nyuma yake kuna ubao uliochorwa mlima mweusi wa mabaki ya shaba na bomba refu la kiwanda, mandhari ambayo mtu wa Lubumbashi anaitambua hata ikiwa kivuli tu. Hakuna neno linalosemwa. Hata hivyo ni shoti nzito kuliko nyingi zenye maneno, maana hapo ndipo mtazamaji anapoamua kama mama huyu amebeba kitu kweli au ni mdoli anayesukumwa.

Tuchukue kwamba inapigwa katika karakana ya watu saba mtaani Katuba, mwezi wa sita, wakati wa baridi. Kuna wachezeshaji wawili, fundi wa mifupa ya ndani ya vikaragosi, mshonaji, seremala wa seti, yaani mandhari ya kupigia, mtu mmoja wa kamera na taa ambaye ndiye pia mhariri, na msaidizi anayeshika karatasi ya mapozi. Filamu nzima ni ya dakika 70.

Shoti kwenye karatasi

Filamu inakwenda kwa fremu 24 kwa sekunde. Kikaragosi anasogezwa kidogo kwa mkono, anapigwa picha, kisha anasogezwa tena. Karakana hii inapiga mbili mbili: kila pozi linashika fremu mbili, kwa hiyo sekunde moja inataka mapozi 12 na dakika 70 zinataka mapozi 50,400. Meza inayotoa wastani wa mapozi 40 kwa siku, ukiingiza siku za kupanga seti, majaribio na matengenezo, inafanya kazi vizuri. Kwa meza mbili hizo ni siku 630 za kazi. Hesabu hiyo ndiyo inayofanya mguu mmoja ukikatika watu wote saba wainue vichwa.

Sekunde 12 za mama wa ndakala ni mapozi 144. Karatasi iliyagawa hivi: 1 hadi 72 ni kuinama, kuinua, kutua beseni na kuliweka sawa, 73 hadi 136 ni hatua nane, kila hatua mapozi manane, manane ya mwisho amesimama. Kikaragosi anayetembea kawaida hupewa fremu 12 kwa hatua. Huyu alipewa 16, kwa kuwa mwenye mzigo kichwani hakurupuki: kiuno kinafanya kazi, shingo imetulia, na wayo unakaa chini muda mrefu zaidi kabla ya kuachia. Kwa macho ulikuwa uamuzi mzuri. Kwa kifundo cha mguu ulikuwa mkali, maana kila hatua iliongezewa mapozi mawili, na sehemu kubwa ya hatua mwili wote unasimama juu ya mguu mmoja.

Siku ya kwanza mchezeshaji aliacha kazi kwenye pozi la 64, na alichagua vizuri. Usiku baridi inashuka, mbao zinacheza, na asubuhi picha haikosi kuruka kidogo. Ukiacha kikaragosi akiwa tuli, mruko huo kila mtu atauona. Ukimwacha juu ya mguu mmoja, utamkuta amelala. Kwenye pozi la 64 nyayo zote mbili zilikuwa chini, skrubu zimekazwa, na mikono bado inasogea kwenye ukingo wa beseni. Mruko mdogo wa usiku ukamezwa na mwendo wa mikono.

Siku ya pili walianza saa mbili na nusu asubuhi, dakika tano kwa kila pozi. Saa sita na robo walikuwa kwenye pozi la 109.

Dakika kumi za kwanza

Pozi la 109 ni la tano katika hatua ya tano. Mguu wa kulia uko hewani unaupita wa kushoto. Wayo wa kushoto umefungwa kwa skrubu ya M3 (unene wa milimita 3) inayopanda kutoka chini ya ubao na kuingia kwenye nati iliyo ndani ya wayo. Mchezeshaji alipousukuma mguu wa kulia mbele milimita chache, mama aliinama polepole, akaegemea ukuta wa kibanda cha seti.

“Yaya, mama anaanguka!” msaidizi akasema.

“Usimuguse. Acha vile iko,” mchezeshaji akajibu.

Jibu hilo liliokoa shoti. Mkono wa kwanza humkimbilia kikaragosi, na kwa kumdaka unagonga kibanda, unasukuma meza, au kiwiko kinapiga stendi ya kamera. Kikaragosi anatengenezeka. Kamera iliyosogea nusu milimita hairudi ilipokuwa, na hapo mapozi 108 yaliyokwisha kupigwa yanakuwa hayana mwenzao.

Kwa hiyo kwanza waliikagua kamera. Programu ya kupigia picha inaweza kuonyesha picha ya sasa ikiwa imefunikwa juu ya picha iliyopita. Mtu wa kamera alifunika picha ya sasa juu ya ile ya 108 na kutazama vitu visivyotembea: ukingo wa bomba lililochorwa, misumari miwili ya kibanda, kona ya ubao. Vyote vilikaa juu ya vivuli vyao isipokuwa ukuta wa kibanda, uliosukumwa na uzito wa mama. Seremala aliurudisha kwa kugonga na kipini cha bisibisi mpaka mistari miwili ikawa mmoja. Stendi ya kamera ilikuwa imegundishwa kwenye saruji kwa gundi ya moto, miguu ya meza pia, na kamera ilikuwa inakula umeme kwa betri bandia yenye waya. Betri ya kawaida ingewalazimu kuifungua kamera katikati ya shoti ili kuibadilisha, na kufungua ni kusogeza.

Kisha msaidizi akaandika kwenye karatasi: pozi, saa, volti zilizosomwa kwenye mita, nani alikuwa amesimama wapi. Hilo la mwisho si urasimu. Shati jeupe la mtu aliyesimama karibu na meza linarudisha mwanga kwenye seti, na picha inang’aa kidogo kuliko ya jirani yake. Karakana hii ina alama za gundi sakafuni: picha inapopigwa, kila mtu yuko kwenye alama yake, na nguo ni za rangi ya giza.

Ndani ya kifundo

Mama ana urefu wa sentimita 27 na uzito wa gramu 260 akiwa amevaa. Mifupa ni waya wa aluminiamu. Kila mguu una nyuzi mbili za milimita 2 zilizosokotwa pamoja. Paja na muundi vimefunikwa kwa epoksi ya kukanda, gundi inayokauka ikawa ngumu, ili pakunjike kwenye goti na kifundo tu. Mwili ni sponji, ngozi ni lateksi, wayo ni bamba la chuma lenye nati. Hii ni mifupa ya mwenye fedha chache. Studio kubwa hutumia viungo vya chuma vya tufe ndani ya kikombe, vinavyokazwa kwa skrubu ndogo na visivyochoka upesi. Waya ni halali kabisa, ila una umri, na umri huo lazima uhesabiwe.

Fundi wa mifupa alichana lateksi ya kifundo kwa wembe na kutazama mahali palipokatika kwa lenzi ya kukuza. Nyuzi zote mbili zilikatika pale pale, kwenye ukingo wa epoksi ya muundi. Uso wa uzi mmoja ulikuwa unang’aa, umekatika leo. Uso wa mwingine ulikuwa mweusi na umesuguliwa laini. Aluminiamu inayosuguana hutoa unga mweusi, hivyo ufa ule ulikuwapo tangu zamani, pande zake mbili zikisagana kila mguu ulipokunjwa. Kwa mapozi mengi mama alikuwa anatembea kwa uzi mmoja. Pembeni mwa ufa wa zamani palikuwa na alama ndogo za meno ya koleo.

Alama hizo ni sababu ya kwanza, lakini haikutosha peke yake. Koleo lenye meno linaacha mkato, na waya unaokunjwa huanzia kupasuka kwenye mkato. Dawa yake ni rahisi: koleo lisilo na meno, au utepe wa ngozi juu ya meno.

Sababu ya pili ni nafasi. Kati ya ukingo wa epoksi na bamba la wayo palikuwa wazi milimita 6 tu. Mkunjo wa pembe ile ile ukigawanywa kwenye milimita 12 unaunyoosha waya nusu ya vile unavyounyoosha kwenye milimita 6. Mafundi wengi hufupisha nafasi hiyo ili kifundo kisionekane kama mpira, na tunaelewa kwa nini, lakini umbo linaweza kurudishwa kwa sponji na lateksi juu ya nafasi ndefu. Ukingo wa epoksi nao ulikuwa mkali. Ulipaswa kupigwa msasa uwe mviringo, au kuvalishwa kipande kifupi cha mpira wa waya wa umeme ili mkunjo uanze polepole.

Sababu ya tatu ni waya wenyewe, na hapa Lubumbashi inahitaji maneno zaidi. Aluminiamu inayopatikana kwa urahisi ni nyuzi zilizofumuliwa kutoka nyaya za laini za umeme. Achilia mbali kwamba kununua waya wa laini bila kuuliza ulikotoka ni kulisha wanaokata nyaya mtaani. Hata kwa kazi haufai ulivyo. Umevutwa kiwandani ukiwa baridi ili uwe mgumu na ubebe uzito wake kati ya nguzo na nguzo. Ugumu huo maana yake ni kwamba hauna subira ya kukunjwa na kukunjuliwa. Fundi umeme anayekuuzia mabaki yake halali anaweza kukupa aluminiamu safi, ila lazima uilainishe kwa moto kwanza.

Kulainisha kunataka uangalifu, kwa sababu aluminiamu haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 660 bila kukuonya kwa rangi. Njia ya mafundi wa bodi za magari inafaa: paka waya sabuni ya mche, upitishe polepole juu ya moto wa gesi au makaa, na sabuni ikigeuka kahawia iliyokolea kuelekea nyeusi, toa. Uko karibu na nyuzi 350 hadi 400, panapotosha. Waya ukipoa unakunjika kama uzi wa risasi na unabaki pale ulipouweka. Fanya hivyo kabla ya kusokota, na usisokote kwa nguvu: kusokota kwenyewe kunaurudishia ugumu. Drili ikizunguka taratibu, mizunguko michache tu, ili nyuzi zishikamane bila kukazana.

Wapo wanaouliza kwa nini usitumike waya wa shaba katika mji wa shaba. Shaba ina uzito zaidi ya mara tatu ya aluminiamu kwa ujazo ule ule, inakuwa ngumu upesi ikikunjwa, na inarudi nyuma kidogo kila ukiiachia. Mchezeshaji anaweka mkono hapa, anaondoa kidole, mkono unarudi. Kwa vidole na nywele za waya mwembamba inavumilika. Kwa mguu, hapana.

Sababu ya nne ndiyo iliyowashangaza: beseni. Seremala alilifinyanga pamoja na ndakala wake kwa epoksi, likapendeza sana, gramu 74. Mtu anasema gramu 74 ni kitu gani mbele ya 260? Lakini kifundo hakibebi uzito tu, kinabeba umbali. Mama akiinama kwa pembe ya nyuzi 5, kiini cha uzito wa mwili wake, kilicho kama sentimita 13 juu ya kifundo, kinatoka nje sentimita 1.13. Beseni lililo sentimita 28 juu linatoka sentimita 2.44. Zidisha: mwili unakivuta kifundo kwa gramu-sentimita 294, beseni kwa 181. Kitu chenye asilimia 22 ya uzito kinaleta asilimia 38 ya mvuto. Beseni hilo hilo likitengenezwa kwa karatasi na gundi, ndakala wakiwa vipande vya karatasi iliyopakwa rangi ya fedha, halipiti gramu 12, na mvuto wake unashuka hadi 29.

Seremala hakujua namba hizi kwa sababu hakuna aliyempa. Kwenye karatasi yake ya kazi paliandikwa kipenyo, rangi na idadi ya ndakala. Uzito haukuandikwa. Kwa maoni yetu, hilo ndilo kosa kubwa katika kisa hiki, kubwa kuliko koleo, na si la mtu mmoja. Kila kitu ambacho kikaragosi atakishika au kukibeba kinapaswa kutoka na kikomo cha gramu kilichotolewa na fundi wa mifupa, aliyekaa chumba kingine na ambaye mara nyingi hata hakuuona mchoro wa shoti. Na kila mguu unapaswa kuwa na daftari lake: umetembea hatua ngapi kwenye shoti zipi, pamoja na hatua za majaribio. Mama huyu alitumika kwenye majaribio yote ya mwendo, kisha akaingizwa kwenye shoti kubwa na vifundo vile vile.

Mguu mpya

Nakala ya pili ya mama ilikuwa kwenye meza nyingine amevaa nguo za msiba, katikati ya shoti yake. Kumvua kungeua shoti mbili. Palikuwa na njia tatu: kuanza upya (mapozi 108, yaani saa tisa za kupiga), kukata shoti na kuingiza picha ya karibu ya uso ili kuficha mruko, au kumtengeneza na kuendelea. Ya pili ingeokoa muda, lakini shoti hii thamani yake ni kutokatika: jicho linamfuata mama kutoka chini hadi anapoondoka na mzigo. Walichagua ya tatu.

Mama alifunguliwa kutoka chini ya meza, wayo ukiachwa mahali pake na skrubu yake ili usipoteze alama. Mshonaji alipiga picha za kikwembe, yaani kitenge alichovaa mama, pande nne kabla ya kukigusa. Kikwembe hicho kimechapwa upya kwa maua madogo, kwa kuwa maua ya kitambaa cha dukani kwenye mwili wa sentimita 27 yanakuwa makubwa kama sahani, na ndani ya pindo pana waya wa milimita 0.4 unaoshika mikunjo. Bila waya huo, kitambaa kinatetemeka kwenye filamu nzima kwa kila mguso wa kidole.

Mguu wa zamani ulikuwa waya mmoja kutoka nyonga hadi wayo, hivyo kubadili wayo kulimaanisha kukata muundi. Fundi aliukata katikati na kuweka kiungo cha kuchomeka, ambacho kingepaswa kuwapo tangu mwanzo. Mirija midogo ya brasi inayoingiana si rahisi kupatikana mjini, lakini antena ya redio ya kuvuta imejaa mirija hiyo, kila mmoja ukiingia ndani ya mwenzake bila kucheza. Mrija wa nje wa milimita 6 uliingizwa kwenye muundi kwa epoksi. Wa ndani wa milimita 5 ulibeba nyuzi mpya zilizolainishwa, nafasi ya kifundo ikiwa milimita 12. Mirija ya duara inazunguka, kwa hiyo wa ndani ulipigwa tupa upande mmoja uwe bapa, na skrubu ya M2 ikakaza juu ya ubapa huo. Kuanzia hapo kubadili mguu ni kufungua skrubu moja.

Epoksi inayoitwa ya dakika tano haifikii nguvu yake kwa dakika tano. Inashika tu. Katika baridi ya mwezi wa sita inachelewa zaidi. Iliwekwa chini ya taa ya joto la kama nyuzi 40 kwa saa nzima, na hakuna aliyeruhusiwa kujaribu mguu kabla ya saa hiyo.

Umeme

Wakati epoksi inakauka, delestaji, yaani mgao wa umeme, ikaja. Taa kuu ya seti haikujali: ni LED ya volti 12 iliyofungwa kwenye betri ya ampea-saa 100 kupitia kirekebisha volti. Kirekebisha hicho ni cha lazima. Betri inaanza na volti 12.7 na kushuka chini ya 12 kadiri inavyotumika, na utepe wa LED wa kawaida, wenye vizuizi tu, unapoteza karibu robo ya mwanga wake katika safari hiyo. Taa inakula wati 60, kama ampea 5.5 pamoja na upotevu, hivyo nusu ya betri, ambayo haifai kuvukwa kwa betri ya risasi, inatoa saa tisa.

Ubao wa nyuma ulikuwa na hadithi nyingine. Unamulikwa na taa mbili za halojeni za wati 150 zilizo kwenye umeme wa kawaida, na halojeni ni kiumbe wa volti. Mwanga wake unafuata volti kwa kipeo cha kama 3.4, kwa hiyo volti ikibadilika kidogo mwanga unabadilika sana. Jenereta ilipowashwa mita ilisoma 235. Ukilinganisha na 220 ya asubuhi, ubao ungepata mwanga zaidi kwa asilimia 25. Walifikiria kusogeza taa kutoka mita 1.50 hadi 1.68, umbali ambao kwa hesabu unarudisha mwanga ule ule. Kwenye karatasi inakubali. Lakini volti za jenereta zinapanda na kushuka kila mashine ya kushonea ikianza, na hakuna umbali unaotibu hilo. Umeme wa mtaa uliporudi saa kumi na mbili jioni, majirani wote wakipika, mita ilisoma 204: pungufu ya mwanga kwa asilimia 23.

Waliacha. Kuna kishawishi kikubwa cha kupiga na kusema mhariri atarekebisha, na mhariri anaweza kweli kurekebisha mng’ao wa picha nzima. Asichoweza kwa urahisi ni kurekebisha ubao wa nyuma peke yake huku mama akipita mbele yake, maana taa kuu haikubadilika. Angelazimika kumkata mama pozi kwa pozi.

Asubuhi halojeni ziliwashwa nusu saa kabla. Volti 219. Kadi ya kijivu ya kulinganishia mwanga ikawekwa mbele ya ubao, picha 20 zikapigwa kwa dakika kumi, kila kitu cha kamera kikiwa kimefungwa: ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga), mizani ya rangi, muda wa nusu sekunde unaomeza mapigo ya umeme wa hezi 50, na lenzi ambayo tundu lake la mwanga linawekwa kwa pete ya mkono. Lenzi za kisasa hufunga tundu lake upya kwa kila picha na halifungi mahali pale pale kila mara. Mtetemo wa mwanga unaotokana na hilo watu wengi huusingizia umeme. Picha 20 zilikuwa sawa. Wakaendelea.

Kurudi mezani

Kumrudisha mama kwa kamera moja ni kujidanganya. Picha iliyofunikwa juu ya nyingine inaonyesha kulia na kushoto, juu na chini, lakini mtu aliyesogea milimita 4 kuelekea kamera anaonekana karibu vile vile, kisha hatua inayofuata inakosa sakafu. Karakana hii ilikuwa na simu iliyobanwa ubavuni mwa meza, inayopiga kila pozi kutoka upande. Kwa kulinganisha picha mbili za pozi la 108, ya mbele na ya ubavu, walimweka sawa kwa dakika 50: kwanza nyonga, kisha kifua, kisha kichwa, mikono mwishoni. Ukianza na kichwa utakirudia.

Beseni jipya la karatasi lilipakwa rangi kufuata la kwanza, na mgongoni mwa mama, kwenye nati ya M4 iliyokuwa imefichwa kifuani, kikafungwa chuma cha milimita 4 chenye kiungo, kinachopanda kutoka nyuma ya kibanda na kubeba uzito. Hakuanza na 109. Alirudia 106, 107 na 108 ili mhariri awe na sehemu tatu za kuchagua pa kuunga. Mruko mdogo uliobaki ulikuwa wa kikwembe: pindo lilikaa milimita 2 nje ya lilipokuwa. Mshonaji alitaka kulirudisha mara moja, mchezeshaji akakataa, akaligawa nusu milimita kwa pozi katika mapozi manne. Pindo la mtu anayetembea lina haki ya kusogea.

Kutoka 106 hadi 144 ni mapozi 39, na kila moja lina chuma cha kufutwa. Kinafutwa kwa kuweka mahali pake kipande cha picha tupu ya seti, iliyopigwa bila mama kwa mwanga ule ule. Picha tupu ilipigwa mara mbili, kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, kwa sababu seti ya asubuhi si ya mchana. Kwa dakika tano hadi nane kila pozi, ni saa tatu na robo hadi tano na ushee za mhariri, dhidi ya saa tisa za kupiga upya na kifundo kingine kuzeeka.

Kilichosahaulika kwa siku mbili ni kivuli. Chuma kilikuwa nyuma ya mama, lakini taa kuu iko juu kulia, na mstari mwembamba wa kivuli ulitembea naye kwenye ukuta wa kibanda kuanzia 118 hadi 131. Picha tupu inakifuta kivuli kama inavyofuta chuma, ila tu kivuli cha mama mwenyewe kisiguswe, na mahali vivuli viwili vinapokutana, mapozi sita, mhariri alilazimika kuchora ukingo kwa mkono.